Nani Amefagia Mawe Yetu

Siku hiyo benchi yetu ilikuwa imetulia. Nasema hivyo kwa sababu benchi yenyewe ni ubao mmoja wa saiprasi uliopigiliwa miguu minne isiyolingana, na haijawahi kutulia tangu nianze kuuza chai na mandazi kwenye hii kona ya kwenda msituni, upande wetu wa Bahati. Mtu akicheka upande huu, mwenzake upande ule anamwagikiwa na chai. Lakini Alhamisi hiyo watu walikaa, wakacheka, wakapigana makofi ya mgongo, na hakuna suruali iliyolowa. Niliona kwamba kuna mtu aliyesukuma jiwe jeusi chini ya ule mguu mfupi. Nikamshukuru moyoni, yeyote aliyekuwa, nikaendelea kugeuza mandazi.

Redio ndiye aliyeleta moto. Jina lake la kuzaliwa ni Hiram, lakini tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Alikuja simu imeinuliwa juu kama mtu anayetafuta netiweki mbinguni.

"Wazee, imethibitishwa. Jumamosi watu wa baiskeli wanapita hapa kwetu."

"Baiskeli zinapita hapa kila siku," akasema Mombasa. "Jana moja ilipita na magunia mawili ya makaa na mbuzi."

Mombasa ni Shariff, mwenye duka la viatu vya gamboti, mabomba na chokaa hapo nyuma yangu. Amezaliwa Nakuru, babake amezaliwa Nakuru, na bahari ameiona kwenye kalenda. Lakini kwa vile babu yake alitoka Pwani, hakuna siku inayoisha kabla ya mtu kumwuliza bei ya samaki.

"Hizi si za makaa," Redio akasema. "Ni baiskeli za kokoto. Watu wanatoka Nakuru asubuhi, wanapanda Bahati, wanakata msitu, wanateremka kwa mto pale tambarare inapofurika kila Aprili, wanapita hapa, wanamalizia kwa vile vilima vya nyuma. Siku nzima. Na wameandika hapa, nawasomea: hakuna lami mahali popote. Wameandika kama sifa."

Mwisho wa benchi, mzee mmoja alipaliwa na chai.

Huyo ni Mwaura, na jina lake hapa ni Lami. Kila baraza ya chifu, kila harambee, hata mazishini watu wakiulizwa kama kuna mwenye neno la mwisho, Lami husimama na kuuliza swali lake moja: barabara yetu itawekwa lami lini? Vijana wameoa na kuzaa wakimsikia akiuliza. Machifu wamestaafu.

"Rudia hapo," akasema, akijifuta kidevu.

"Hakuna lami mahali popote."

"Na wanajua hivyo kabla watoke nyumbani?"

"Wanajua. Ndiyo maana wanatoka."

Lami aliweka kikombe chini polepole. "Mimi nimelilia lami tangu nikiwa na nywele. Nimeambiwa bajeti, nimeambiwa mvua, nimeambiwa mkandarasi amepotea. Leo mnaniambia kuna watu na akili zao, wana gari, wana lami mpaka mlangoni, wanaiacha wanakuja kutafuta mashimo yangu?"

"Wanayalipia," Redio akasema.

"Nani anapokea?"

"Mzee, tulia. Hii inaitwa utalii."

"Basi mimi nimekuwa mtalii maisha yangu yote na hakuna mtu aliyenipiga picha."

Ng'ambo ya jiko langu Naliaka alicheka mpaka mahindi yakaungua upande mmoja. Naliaka anachoma mahindi, na ndiye tunayemwita Refa. Mabishano yote ya hapa yeye ndiye huamua. Ana koleo refu la kugeuzia mahindi, na akikuelekezea hilo koleo, ujue umepata kadi.

"Lakini fikiria vizuri, Lami," akasema Mheshimiwa, akijiweka sawa kola. "Kama mawe ni mali, basi viongozi waliotuacha na mawe walikuwa wanatuwekea akiba."

Mheshimiwa ni Muiruri. Aliwania udiwani mara moja, akapata kura chache hivi kwamba hata nyumbani kwake bado wanabishana ni nani aliyempigia. Tangu hapo anasema "ofisi yangu", na ofisi yenyewe ni mfuko wa koti.

"Wewe ungetuwekea akiba ya nini?" Refa akamwuliza.

"Ningewachimbia mashimo zaidi. Mngekuwa mbali sasa."

Wakacheka, na benchi haikutikisika. Redio akateleza kidole kwenye simu, na nikamwona anavyomtazama Lami kwa pembe ya jicho, kama paka anayejua maziwa yako wapi.

"Sasa kuna hapa chini wameandika majina. Sehemu ya daraja mpaka kwa mikaratusi, hiyo ndiyo wanasema ni tamu kuliko zote. Na aliyeipendekeza ni Shiko Mwaura."

Wote waligeuka. Lami akaangalia mawingu.

"Akina Shiko ni wengi," akasema.

"Wa hapa kwetu, wenye baba anaitwa Mwaura?"

"Akina Mwaura pia ni wengi."

"Wenye baiskeli ya kijani ya mtumba, na kovu kwa kidevu?"

"Mama Cate," Lami akaniambia, "niongeze chai, na huyu umpunguzie."

Nilimwongeza, lakini sikucheka na wengine, kwa sababu jambo hilo nilikuwa nalijua kuliko wao. Shiko ni kitinda mimba wake. Jumatatu alikuwa amesimama hapa jikoni kwangu akila ndazi bila kuliona, akanieleza yote. Wenye safari hiyo wanamtuma mkaguzi wao Alhamisi. Akiipitisha hiyo sehemu ya daraja, njia inabaki, na Shiko anaandikwa kuwa kiongozi wake, awe akiwapitisha wageni kila mwezi. Akiikataa, safari inahamia nyuma ya mlima, na kule wana kiongozi wao. "Hii ikiingia, Mama Cate," aliniambia, "nitakuwa nimepata kazi bila kumpigia mtu magoti." Mwanangu alikuwa amelala mgongoni. Nilimsikia akihema, nikamwambia Shiko itaingia.

Tatizo lilikuwa baba. Wakati wa mvua ya Aprili Shiko alianguka kwenye kona ya daraja, akavunjika mfupa wa bega na kupasuka kidevu, na Lami ndiye aliyemtoa hapo kwa wilbaro. Kuanzia siku hiyo neno baiskeli halipiti kinywani mwake. Anasema "kile chuma".

"Jumamosi utasimama kando umpigie makofi?" Redio akamchokoza.

"Jumamosi niko shambani."

"Wanapita asubuhi tu."

"Shamba langu liko asubuhi."

"Baba Shiko," Refa akasema, "huna kitu shambani. Viazi umevuna, mahindi umekata. Unaenda kupalilia nini, hewa?"

"Hewa ya kwangu ina magugu mengi."

Hapo ndipo tuliposikia tairi. Mwanamume alitokea upande wa daraja akisukuma baiskeli nyembamba iliyokuwa na mifuko kila mahali. Alivaa zile nguo za kubana ambazo hazimwachii mtu siri. Upande wa kulia alikuwa msafi kabisa. Upande wa kushoto alikuwa matope, kuanzia sikio mpaka kifundo cha mguu, kama mtu aliyechovywa nusu. Nyuma yake alikuja Shiko na baiskeli yake ya kijani, macho chini.

"Sasa wazee. Sasa mathe. Naitwa Odero, natoka kwa hawa watu wa safari ya Jumamosi."

"Boss," Redio akasema, "hiyo rangi umechagua au umepewa?"

Odero alitabasamu kwa upande ule msafi. "Nilikuwa na swali moja tu. Ni nani ametengeneza barabara, kutoka daraja mpaka kwa mikaratusi?"

Mheshimiwa alikuwa ameshasimama kabla swali halijaisha.

"Ni mimi," akasema. "Yaani ofisi yangu. Tulipata habari kwamba tuna wageni, na mimi nikasema, haiwezekani wageni wapite kwetu kama wanapita kwa yatima. Nikatoa amri mashimo yazibwe. Sikutaka kutangaza. Mimi kazi yangu huwa—"

"Ameharibu kila kitu," Odero akasema.

Mheshimiwa hakupumua hata kidogo. "Kazi yangu huwa ni kuchunguza watu wanaoharibu vitu. Na ofisi yangu imeanza uchunguzi."

"Keti," Refa akamwambia, na koleo likamwelekea.

Nikampa Odero maji anawe, akatueleza. Alikuja na picha alizotumiwa na Shiko: mawe ya mto, mviringo, makubwa kama viazi, yaliyosambazwa na mafuriko kutoka kwenye daraja mpaka kwenye miti. Mwendesha baiskeli wa hizi safari, akasema, akiona mahali kama hapo anasikia njaa. Alifika leo, akakuta hakuna hata jiwe. Kuna mtu ameyatoa yote, akaziba mitaro kwa udongo mwekundu wa shamba, akafagia, na juu yake akamwaga maji vumbi lilale.

"Nimeendesha kwa mawe, nimeendesha kwa mchanga, nimeendesha ndani ya mto," akasema. "Sijawahi kuanguka. Leo nimeanguka mahali palipofagiliwa."

Redio alifunika mdomo kwa simu.

"Kwa hivyo?" akauliza Refa.

"Kwa hivyo, mathe, lazima nipige simu leo. Wenzangu wanangoja jibu wachore njia ya mwisho. Nikisema ukweli, inahamia nyuma ya mlima." Akamwangalia Shiko. "Samahani. Picha zako zilikuwa nzuri."

"Si kosa lako," Shiko akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa akichokoa tope kwenye tairi kwa kijiti, lile tope ambalo halikustahili kuwa hapo, na mimi nikatamani kulichokoa naye.

Lami alikuwa akisoma maandishi ya kwenye pakiti ya majani yangu ya chai.

"Mombasa ndiye," Redio akasema. "Anauza reki, anauza chokaa. Mgeni akija, yeye anafurahi kuliko bibi harusi."

"Mimi nilileta chokaa tu," Mombasa akajitetea. "Niliiweka pale mbele ya duka, kama kuna mtu angependa kupaka mawe ya kando rangi nyeupe, ipendeze. Mnajua vile huwa tunafanya."

"Ungepaka mawe gani, na hayako?"

"Ndiyo maana nimekuwa hapa tangu asubuhi nikijiuliza."

"Wacha niseme ukweli," akasema Refa. "Kila mtu hapa aliwaza kufagia. Hata mimi. Tumelelewa hivyo. Askofu alipokuja tulifagia mpaka majani yakaogopa kuanguka. Yule mkubwa wa mwaka juzi, tulifyeka nyasi kwa makasi, tukapaka hata shina la mti, akapita amelala kwa gari na vioo vimefungwa. Kwa hivyo sitaki kusikia nani mbaya. Nataka kusikia nani aliwahi."

Wote wakaapa hawakuwahi. Redio akasema yeye hawezi kushika jembe na simu pamoja, na simu hawezi kuiweka chini. Mheshimiwa akasema uchunguzi unaendelea na asiulizwe maswali. Odero alikuwa ameshatoa simu yake mfukoni, anatafuta namba.

"Kulikuwa na alama za reki," Shiko akasema, bila kuinua macho.

Odero akasimamisha kidole.

"Kwa udongo," Shiko akaendelea. "Mistari, mistari, mistari, halafu pengo. Tena mistari, halafu pengo. Hiyo reki imetoka jino la katikati."

Nani hapa hajui reki isiyo na jino la katikati? Kila mmoja wetu amewahi kwenda kuiazima, na kila mmoja wetu amejibiwa kwamba reki hiyo haitoki getini hata ikialikwa harusi.

Koleo la Refa lilizunguka polepole, likapita kwa Redio, likapita kwa Mombasa, likamruka Mheshimiwa, likasimama.

Lami alirudisha pakiti ya chai mezani. Akaipanga ikaangalia mbele. Akaipanga tena.

"Mimi sikutaka kuharibu," akasema. "Nilitaka ile kona peke yake."

Mandazi yangu yalikuwa yanaungua, nikayaacha.

"Pale kwa kona ndipo ulianguka," alimwambia Shiko, lakini alikuwa akiongea na kikombe. "Nikasema, kama lazima upite na kile chuma, upite pasipo na kitu cha kukukata. Nikaenda alfajiri watu wakiwa wamelala. Nikatoa yale ya kona. Kuangalia mbele, naona kuna mengine yana makali. Nikayatoa. Kuangalia mbele tena. Ukianza kutoa mawe kwa njia ya mtoto, boss, hujui utaachia wapi. Jua lilinipata kwa mikaratusi."

"Na maji, mzee?" Odero akauliza kwa upole.

"Vumbi lingemwingia kwa macho."

"Kumbe ndilo hilo shamba lako la asubuhi," akasema Refa. Koleo lilikuwa limeshuka lenyewe.

"Lilikuwa linahitaji kupaliliwa."

Shiko aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya duka. Nilidhani atalia, au atafoka, na angekuwa na haki kwa yote mawili. Lakini alikuja akachuchumaa mbele ya babake kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, ikibidi afungwe viatu.

"Baba, unajua nilianguka kwa nini? Niliogopa mawe. Niliyaona nikashika breki ya mbele kwa nguvu. Ningeyaacha tairi iyapande, ningepita. Tangu bega lipone nimerudi hapo kila wiki. Nimejifunza mpaka nikajua. Hiyo ndiyo sababu niliwachagulia hapo. Hayo mawe ndiyo kitu pekee najua kuliko mtu mwingine yeyote, na wewe umenifagilia."

"Hukuniambia unarudi hapo."

"Ningekuambiaje? Hutaki hata kuita baiskeli baiskeli."

Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaiweka simu chini.

"Refa anaongea," akasema Naliaka, akasimama. "Baba Shiko, kadi ya njano. Umecheza kwa moyo mzuri lakini umemchezea mwenzako. Mawe yarudi. Wewe kijana wa matope, simu yako ina chaji ya kufika jioni?"

"Inatosha, mathe."

"Basi iweke mfukoni kwanza. Mawe yako wapi, Baba Shiko?"

"Yako kando ya barabara, kwenye ua," Lami akasema. "Nimeyapanga."

Alikuwa ameyapanga kweli. Tulifika tukakuta ukuta mdogo wa mawe kutoka daraja mpaka kwenye miti, umenyooka kama kamba, jiwe juu ya jiwe. Mombasa alileta wilbaro tatu mpya za kuuza na akasema zikirudi na mikwaruzo atasema ni za mtumba. Mimi niliacha sufuria kwa jirani, nikamfunga Cate mgongoni vizuri, nikabeba karai za mchanga kutoka kule mto unapomwagika, tuufunike ule utelezi. Kokoto ndogo zilikuwa zimechanganyika na maganda ya konokono, na Cate alitaka zote.

Lami ndiye aliyesimamia, na alikuwa mkali kuliko mkandarasi.

"Redio, hilo halikuwa hapo. Lilikuwa kushoto, limelala. Lilaze."

"Mzee, jiwe ni jiwe."

"Weka vile lilikuwa. Wageni watasemaje?"

Mheshimiwa alibeba jiwe moja. Alilishika kifuani mpaka akapata mtu wa kumpiga picha, kisha akauliza kama kuna lingine dogo zaidi.

Hapo akaja mtu wa boda akitokea sokoni, amebeba kreti za nyanya. Alisimamisha pikipiki, akatutazama, akavua kofia atutazame vizuri.

"Nyinyi watu mko sawa? Asubuhi nimepita hapa ikiwa laini nikasema jamani, serikali imetukumbuka. Sasa mnarudisha mawe?"

"Tunatengeneza barabara," Lami akamjibu.

"Wewe? Si wewe ndiye Lami?"

"Kaa kando, kijana, unatuchelewesha. Na ukipita, pita polepole, usinisogezee hilo jeupe."

Yule wa boda alipita polepole, akitingisha kichwa, na nyanya zikitingishika pamoja naye. Redio alikuwa ameshaanza kuandika. "Nawapa kichwa cha habari. Mzee Lami apinga barabara laini."

"Ukiituma hiyo," Lami akasema, "reki yangu utaijua ina meno mangapi."

Jua lilipoanza kuinama kwenye vilima, Odero alipanda baiskeli yake. Alianzia darajani. Tulimwona akifika kwenye mawe, mabega yakaanza kucheza, mashavu yakacheza, maneno aliyokuwa akisema yakatoka vipande vipande. Alifika kwenye miti akageuka, akarudi, akasimama mbele yetu akicheka peke yake.

"Hapo sasa," akasema. "Sisikii mikono. Meno yamegongana yote." Akatoa simu, akaweka sikioni. "Eeh, ni mimi. Njia ibaki vile ilikuwa. Ndiyo, ya mto. Kiongozi andika Shiko. Hapana, hakuna shida. Kulikuwa na ukarabati kidogo, umeondolewa."

Refa alipiga koleo lake kwenye wilbaro kama kengele ya shule. Mombasa akaangalia mkwaruzo. Mimi niligeuza uso nikajifanya namfunga Cate upya, maana kuna furaha nyingine hupitia machoni.

Shiko alipita wa mwisho. Hakushika breki. Alikwenda ameinuka kidogo kwenye kiti, viwiko vimelegea, baiskeli ikiruka chini yake kama mbwa anayemjua mwenyewe. Nilimtazama Lami. Alikuwa amefumba jicho moja tu.

Kwenye kona akasimama. Akashuka, akaangalia chini, akazunguka.

"Kuna moja haliko," akasema. "Lile jeusi, la ndani kabisa ya kona, lina pembe tatu."

"Yote yamerudi," Lami akasema.

"Baba. Hilo ndilo lilinipasua kidevu. Nalijua."

"Mawe meusi ni mengi."

Tukatafuta kwenye ua, tukatafuta kwenye nyasi. Halikuwepo. Odero akasema jiwe moja haliwezi kuharibu safari, na chai ilikuwa inatuita, kwa hivyo tukarudi kijiweni na matope yetu. Nikawasha jiko upya. Watu wakashuka kwenye benchi wote kwa pamoja kama magunia, Mheshimiwa akiwa anamweleza Odero jinsi ofisi yake ilivyorudisha mawe.

"Kwa hivyo Jumamosi bado uko shambani?" Redio akamwuliza Lami.

"Jumamosi shamba langu liko hapa kwenye benchi."

Wakacheka, wote, kwa nguvu, Redio akajitupa nyuma, na chai haikumwagika hata tone. Hapo Shiko akainama. Akatazama chini ya ubao, kwenye ule mguu mfupi. Akatazama muda mrefu.

Lami aliona anapotazama. Akasogea taratibu mpaka mwisho wa benchi, juu ya mguu huo hasa, akakaa na uzito wake wote, akakunja nne.

"Baba, hilo ni la barabara."

"Hilo lilishapata kesi yake," Lami akasema. "Likahukumiwa. Limefungwa, na mimi ndiye askari jela. Litakaa hapa nilikalie."

Odero alichungulia, akaelewa, akapangusa tope la mwisho kwenye sikio.

"Mpaka lini, mzee?"

Lami akanywa chai yake, akameza bila haraka.

"Mpaka lami ifike."